Rafiki wa ubavuni darasani naye ana haki zake



Ndugu msomaji, leo tumekusudia kuzungumzia jambo linalotokea kila siku mashuleni, nalo kwa kuwa hutokea baina ya watoto, sisi wakubwa hulipita kama tunavyoupita mchezo wa gololi uwanjani.

Katika Sura An-Nisaa, aya ya 36, Mwenyezi Mungu anatuamrisha kuwatendea wema wazazi wawili, jamaa, mayatima, masikini, jirani wa karibu na jirani wa mbali. Kisha anatajwa mtu mwingine ambaye wengi wetu huisoma aya bila ya kumtua: rafiki aliye ubavuni. Ni nani huyu? Wapo wafasiri waliosema ni mke, na wapo waliosema ni mwenza wa safarini. Imamu Zamakhshari, aliyefariki mwaka 538 Hijria, alipanua maana yake hata akamwingiza mtu mnayeshirikiana naye katika kutafuta elimu, na yule aliyetokea kukaa pembeni yako katika kikao au msikitini. Kwa maneno mengine, mtoto anayekaa na mwanao dawati moja ana haki juu yake, na haki hiyo imetajwa katika aya moja na haki za wazazi.

Kabla hatujamnyooshea mtu kidole, hatuna budi kusema yetu. Tulipokuwa shule ya msingi tulisoma na mwenzetu mwenye ualbino. Tulimpa jina la utani, ambalo hatutaliandika hapa. Jina lile lilianzia kwetu, likavuka ukuta hadi madarasa mengine, na mwalimu mmoja, kwa kudhani anachangamsha somo, naye akalitumia. Ulipofika muhula wa pili jina lake halisi lilikuwa limebaki mahali pamoja tu, nako ni kwenye daftari la mahudhurio.

Alikuwa mrefu, basi akapangwa nyuma. Kutoka kule ubao kwake ulikuwa ni weusi mtupu. Ilipogongwa kengele ya mapumziko sisi tulitoka mbio, yeye akasogea mbele, akaukaribia ubao kiasi cha kuugusa kwa pua, akaanza kunakili. Na mwanafunzi wa zamu ya kufuta ubao hufuta wakati huohuo. Mara nyingi alifutiwa kabla hajamaliza, na darasa likacheka. Wapo miongoni mwetu walioshika kifutio wakafuta kwa makusudi, nasi tunaoandika haya tulikuwamo. Siku moja hakuja. Mwalimu aliendelea kuliita jina lake asubuhi kwa muda, kisha akalipigia mstari.

Laiti tungelijua wakati ule tunayoyajua leo! Ualbino si laana, wala si mkosi wa ukoo. Ni hali ya kurithi ambayo mwili hutengeneza rangi kidogo mno au hautengenezi kabisa, katika ngozi, nywele na macho. Mtoto huipata pale anaporithi vinasaba vyake kwa baba na kwa mama, ambao wenyewe aghalabu hawana dalili yoyote. Jicho lisilo na rangi hiyo huumizwa na mwanga, huchezacheza lenyewe, na halioni mbali. Miwani husaidia kidogo, lakini mara nyingi hairudishi uoni kamili. Ngozi nayo huungua kwa jua na ni rahisi kushikwa na saratani. Hivyo basi, yule tuliyemdhania mzito wa kuelewa alikuwa haoni tu.

Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 nchi yetu ilipita katika aibu kubwa, pale watu wenye ualbino walipouawa na kukatwa viungo kwa ajili ya ushirikina, hususan katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Wauaji wale hawakutoka mwezini. Walipita katika madarasa kama letu, na mtu aliyezoea tangu utotoni kumwita mwenziwe kwa jina la kitu, hana mbali pa kwenda kufikia kumfanya kitu. Katika miaka hiyohiyo, mwaka 2008, Mheshimiwa Al-Shaymaa Kwegyir aliteuliwa kuwa mbunge. Mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini wakamchagua Mheshimiwa Salum Khalfani Bar'wani. Na mwaka 2015 Dk. Abdallah Possi akawa naibu waziri. Wote watatu ni watu wenye ualbino.

Kuhusu majina ya utani, Qur'ani haikutuachia nafasi ya kujitetea. Sura Al-Hujurat, aya ya 11, imekataza watu kudharauliana, kutiana ila na kuitana kwa majina ya kuchukiza. Haikusema isipokuwa kwa watoto, wala isipokuwa kwa mzaha.

Lakini kuacha ubaya ni nusu ya safari. Hebu tumtazame Abdallah bin Umm Maktum (RA), sahaba aliyekuwa kipofu. Wengi tunakijua kisa chake cha Makka, pale alipomjia Mtume (SAW) akitaka kufundishwa, ilhali Mtume ameshughulika na wakubwa wa Kikureshi. Uso ukakunjwa, na Sura Abasa ikateremka kumtetea. Kinachosimuliwa kwa uchache ni yaliyotokea baadaye Madina. Mtume (SAW) alimfanya kuwa mwadhini pamoja na Bilali (RA), na zaidi ya mara moja alimwachia mji alipotoka kwenda safarini.

Katika mwezi wa Ramadhani, Bilali aliadhini usiku ungali usiku, na Ibn Umm Maktum ndiye aliyeadhini alfajiri, ambayo kwayo watu waliacha kula. Mtu asiyeona, anakabidhiwaje kutangaza mwanga? Hadithi yenyewe inajibu: hakuwa akiadhini mpaka aambiwe kwamba kumekucha. Hawakumwondoa kwenye kazi ile kwa kisingizio cha kumwonea huruma. Walimwachia kazi, nao wakamwazima macho.

Imepokewa vilevile kwamba aliomba ruhusa ya kuswali nyumbani kwa kuwa hana wa kumwongoza njiani, akaulizwa kama anausikia mwito wa swala. Aliposema anausikia, akatakiwa auitikie. Tunaitaja riwaya hii kwa sababu ya walimu wetu wenye huruma, ambao humwambia mtoto wa namna hii apumzike tu wakati wa hisabati, au asihangaike na maabara. Nia yao ni njema, lakini mtoto hutoka shuleni hajui hisabati wala maabara.

Na kumwazima mtu macho si jambo la gharama. Ni kumkalisha mbele, mbali na dirisha linalommulika. Ni jirani yake kumsomea ubao kwa sauti ya chini wakati mwalimu anaandika, au kumwachia daftari akanakili jioni. Ni mwalimu wa zamu kutomtaka avue kofia na kukunja mikono ya shati mstarini eti kwa kuwa si sare, na kutompeleka kufyeka saa sita mchana. Apewe zamu yake ya kufagia darasa, na akistahili ukiranja apewe ukiranja. Baraza la Mitihani hukuza maandishi ya karatasi za watahiniwa wenye uoni hafifu. Basi si haki mtoto akutane na herufi anazoziona kwa mara ya kwanza siku ya mtihani wa mwisho.

Tulikuwa na somo la Uraia, na katika shule za msingi liliunganishwa na maadili. Tunayo pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Mwanafunzi anaweza kuorodhesha haki za raia akapata alama zote, kisha akatoka nje akakifuata kifutio. Sisi alama zetu katika somo lile zilikuwa nzuri.

Wanazuoni wanatufundisha kwamba dhuluma baina ya mja na mja haifutwi kwa istighfari peke yake. Aliyedhulumiwa hutakwa radhi. Tumeulizia kwa waliosoma nasi, kila mmoja anakumbuka lile jina la utani kabla ya jina lake. Sisi la kweli tunalikumbuka, kwani tulilisikia kila asubuhi likiitwa bila ya kuitikiwa. Hatulitaji bila ya idhini yake. Ikiwa yu hai, tunamtaka radhi, na kwa kuwa herufi za gazeti ni ndogo kwake, tunamwomba aliye ubavuni pake amsomee.