Sumaku yawapoteza wauza vyuma chakavu

Wafanyabiashara wengi wa vyuma chakavu huchambua mali kwa sumaku. Kinachonaswa huhesabiwa kuwa chuma na kuuzwa kwa bei ya chini. Kwa mashine kuukuu za elektroniki utaratibu huo unaweza kuleta hasara, kwani mu-metali nayo hunaswa.

Mu-metali ni mchanganyiko wenye nikeli kiasi cha asilimia 77. Sehemu kubwa ya inayobaki ni chuma. Ilibuniwa Uingereza mwaka 1923 kwa ajili ya nyaya za telegrafu za baharini, na baadaye ikatumika kukinga vifaa nyeti dhidi ya nguvu za sumaku. Hupatikana kama ganda la bati jembamba linalozunguka tyubu ya kioo ya osiloskopu za zamani, au kikopo kinachofunika transfoma ndogo za maikrofoni. Ganda lililomo katika runinga za zamani kwa kawaida ni bati la chuma tu.

Mwaka 2024 tani ya nikeli katika soko la metali la London iliuzwa kati ya dola 15,000 na 21,500, wakati tani ya chuma chakavu haikufika dola 500. Kwa bei hiyo ya chini, kilo moja ya mu-metali ilikuwa na nikeli ya dola 11 hivi. Hata hivyo, mnunuzi halipi thamani yote. Hukata gharama za kuyeyusha, na mzigo mdogo hukatwa zaidi.

Namna ya kuitambua ni kugusisha ukingo wa kipande kibovu kwenye jiwe la kusagia. Chuma hutoa cheche ndefu zinazopasuka, lakini mu-metali hutoa cheche chache, fupi na hafifu.

Ganda zima lisipimwe hivyo. Mafundi na maabara huweza kulinunua kama kipuri badala ya kwa uzito. Likikunjwa au kugongwa nyundo hupoteza uwezo wa kukinga, na kuurudisha huhitaji tanuru la haidrojeni lenye joto la nyuzi zaidi ya 1,000.

Tahadhari: tyubu huweza kuhifadhi maelfu ya volti baada ya mashine kuzimwa, na kioo chake kikivunjika hulipuka kwa ndani. Kazi ya kufungua aachiwe fundi.

Mwenye stoo ya mashine hizo atenge maganda hayo kwanza, ndipo sumaku ipite.