Mchuzi Mzuri wa Majani kwa Mwenye Ugonjwa wa Sukari

Ndugu msomaji, labda umetoka kwa mganga juzi. Alipima damu yako, akakuambia, "Una ugonjwa wa sukari. Punguza bugali. Punguza wali." Ukarudi nyumbani ukiwaza njia nzima. Mtu wa Kasongo, wa Wamaza au wa Kabambare akipunguza bugali na wali, atakula nini basi? Jioni wakakuwekea sahani ya kabichi iliyochemshwa kwa maji matupu. Ukala siku ya kwanza, ukala siku ya pili. Siku ya tatu ukasema, "Afadhali nife nimeshiba," ukarudia matonge yako ya zamani.

Hatukucheki. Hakuna mtu awezaye kula chakula kisicho na ladha mwaka mzima, na ugonjwa wa sukari si ugonjwa wa juma moja. Ni wa maisha yote. Kwa hiyo somo letu la leo ni la jikoni. Tunataka kukufundisha namna ya kutengeneza mchuzi mwepesi wa kumwagia majani na mboga, kwa vitu vya shamba lako na vya soko lako, ili sahani ya mboga iwe chakula cha kupendeza, wala isiwe adhabu.

KWA NINI BUGALI HUONGEZA SUKARI?

Wengi huuliza, "Mimi sitii sukari hata katika chai. Nimepataje ugonjwa huu?" Jibu ni hili: muhogo, mchele, mahindi, ndizi na viazi vina wanga ndani yake, na tumboni wanga hugeuka kuwa sukari, ukaingia katika damu. Unga wa muhogo karibu wote ni wanga. Wali nao una wanga mwingi, na sisi wa Maniema tumeuzoea tangu babu zetu, kwa kuwa Waarabu na Waswahili wa pwani walilima mpunga huku katika karne ya 19.

Mwili wenye afya hutengeneza kitu kiitwacho insulini. Kazi yake ni kama ya bawabu: hufungua mlango ili sukari itoke katika damu na kuingia mahali inapohitajiwa. Kwa mgonjwa, bawabu huyu ni dhaifu au hayupo. Sukari hubaki katika damu. Mtu huona kiu, hukojoa mara nyingi, huchoka, pengine hukonda. Ikiendelea miaka mingi, macho hufifia, figo huharibika, na miguu hufa ganzi.

Angalia sana miguu. Mwaka wa 1870 Daktari David Livingstone alikwama kwa muda mrefu Bambarre, ndiyo Kabambare ya leo, kwa sababu ya vidonda vya miguu. Vile vilikuwa vidonda vya safari, naye alisikia maumivu yake, akajua kwamba lazima apumzike. Lakini mguu uliokufa ganzi kwa sukari hausemi neno. Mtu hukanyaga mwiba asubuhi, hutembea nao hata jioni, na kidonda huoza kabla hajakiona. Wengine hukatwa mguu. Ndiyo sababu tunasema habari za bugali kwa nguvu namna hii.

Zamani, kabla insulini haijagunduliwa huko Toronto, Kanada, mwaka wa 1921, waganga hawakuwa na njia nyingine ila kumnyima mgonjwa chakula, na wengi walikonda wakafa. Leo dawa zipo. Hata hivyo dawa peke yake haishindi sahani iliyojaa bugali hata juu.

SAHANI YAKO IGAWANYWE HIVI

Hatusemi uache bugali kabisa. Gawanya sahani yako kwa macho. Nusu yake iwe mboga na majani. Robo moja iwe samaki, yai, kuku, nyama au maharagwe. Robo iliyobaki ndiyo ya bugali au wali. Kunywa maji, wala si soda wala chai ya sukari. Usile matunda matamu mengi kwa mara moja.

Katika ile nusu ya mboga ndimo mchuzi wetu unamoingia. Nyanya, kitunguu, tango, kabichi, karoti na majani ya saladi ya bustani huliwa mabichi, yakisha kuoshwa vizuri. Lengalenga, matembele na bamia chemsha kidogo, uchuje maji, kisha umwagie mchuzi. Lakini sombe isiliwe mbichi kamwe, kwa maana majani ya muhogo yana sumu. Ni lazima yapondwe na kuchemshwa sana, kama mama zetu walivyotufundisha.

MICHUZI MINNE

1. Mchuzi wa ndimu. Twaa chupa safi yenye kifuniko. Tia vijiko vitatu vya mezani vya mafuta ya karanga, kijiko kimoja cha maji ya ndimu, kitunguu kidogo kilichokatwa vipande vidogo sana, chumvi kwa ncha ya vidole, na pilipili kama unapenda. Funga chupa, uitikise mpaka mafuta na ndimu vichanganyike. Unatosha watu watatu. Ukiacha chupa itulie, mafuta yatapanda juu. Si kwamba mchuzi umeharibika, tikisa tena tu. Huu ni mzuri kwa kabichi iliyokatwa nyembamba na kwa nyanya.

2. Mchuzi wa karanga. Kaanga konzi mbili za karanga bila mafuta, uondoe maganda, uzitwange katika kinu mpaka ziwe laini. Changanya na maji ya moto yaliyochemka, kidogo kidogo, mpaka uwe mzito kama uji mwepesi. Ongeza maji ya ndimu moja, nyanya moja iliyopondwa, na chumvi kidogo. Karanga zina mafuta mengi na pia chakula cha kujenga mwili, wala hazina wanga mwingi. Hushibisha. Chagua karanga moja moja kabla ya kukaanga: iliyoota ukungu, iliyokunjamana au yenye uchungu itupwe, kwa maana ukungu wa karanga una sumu inayoharibu ini, na moto wa jikoni hauiondoi yote.

3. Mchuzi wa avoka. Ponda avoka moja iliyoiva pamoja na maji ya ndimu, kitunguu saumu kidogo na chumvi. Punguza uzito wake kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Avoka ni tunda, lakini sukari yake ni ndogo sana. Ndimu huzuia mchuzi usigeuke mweusi upesi. Kula siku ile ile.

4. Mchuzi wa mawese. Pasha moto kijiko kimoja au viwili vya mawese mekundu mpaka yayeyuke tu. Yasitoe moshi. Tia nyanya iliyopondwa, kitunguu, pilipili na ndimu, kisha mwagia lengalenga iliyochemshwa. Mama wengine hukaanga mawese mpaka yawe meupe. Usifanye hivyo, mama. Ule wekundu ndio wenye vitamini A, inayolinda macho ya watoto wasipofuke jioni. Ukiuunguza, umetupa motoni sehemu njema ya chakula chako.

Ukitaka mchuzi mzito kama ule wa mayai unaouzwa madukani, usitumie yai bichi, maana yai bichi huweza kuleta kuhara na homa. Chemsha yai mpaka ligande, ponda kiini chake pamoja na mafuta na ndimu ya mchuzi wa kwanza. Utaona ni mzuri.

Tena, usitie sukari katika michuzi hii, wala nyanya ya chupa ya dukani ambayo mara nyingi imetiwa sukari. Vile vidonge vya kukoleza mboga vimejaa chumvi, na wengi wenye ugonjwa wa sukari wana pia damu yenye nguvu nyingi. Chumvi yote ya siku nzima, ya vyakula vyote, isipite kijiko kimoja cha chai. Ndimu, pilipili na kitunguu saumu vitaleta ladha pasipo madhara hayo.

Usimimine mafuta kama maji. Kijiko kimoja cha mezani kwa mtu mmoja chatosha. Mafuta hayaleti sukari katika damu kama bugali, lakini hunenepesha, na mawese yakizidi si mazuri kwa moyo.

USAFI

Majani mabichi yakioshwa kwa maji ya mtoni huleta minyoo, kuhara, hata kipindupindu na homa ya matumbo. Nawa mikono kwa sabuni kwanza. Osha majani moja moja kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa ya klorini. Usidanganyike kwamba ndimu huua vijidudu vyote. Kama kuna kipindupindu katika kijiji, acha kabisa majani mabichi. Chemsha kila kitu, na mchuzi wako umwagie juu ya mboga iliyochemshwa ingali moto. Tengeneza mchuzi wa kutosha mlo mmoja, kwa kuwa wengi wetu hatuna mahali pa baridi pa kuuweka.

MASHAURI YASIYO YA KUSAHAU

Kwanza, kama unameza vidonge vya sukari au unapigwa sindano ya insulini, usipunguze bugali kwa ghafula bila kumwambia mganga. Dawa ikibaki ile ile na chakula kikipungua, sukari huweza kushuka mno. Mtu hutetemeka, hutoka jasho, husikia njaa kali, husema maneno yasiyofaa kama mlevi, kisha huzimia. Hii ni hatari kuliko sukari ya jana. Mpe mara moja vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, kama bado aweza kumeza. Kama amezimia, usimtie kitu kinywani. Mpeleke hospitali mbio.

Pili, usiache dawa kwa sababu umeanza kula majani. Jirani atakuambia, "Kunywa maji ya ndimu asubuhi, sukari itakwisha." Si kweli. Ndimu husaidia ladha, haiponyi. Mtoto mwenye ugonjwa wa sukari akikosa insulini hufa.

Tatu, chakula hiki si cha kila mtu. Mtoto aliyekonda au aliyevimba kwa bwaki, mwanamke mwenye mimba, mama anayenyonyesha, na mgonjwa wa kifua kikuu wasipunguziwe bugali bila shauri la mganga. Hao wanahitaji nguvu. Lakini mchuzi wa karanga na mawese mekundu huwafaa sana juu ya chakula chao cha kila siku. Kwa hiyo, mama, huna haja ya kupika vyungu viwili. Pika mboga moja kwa wote. Mgonjwa apate mboga nyingi na bugali kidogo, na watoto wapate bugali yao pamoja na mboga.

SIKU YA ARUSI

Tunajua mahali penye shida. Nyumbani umeshika shauri vizuri, halafu unaalikwa arusi au sikukuu ya kanisa. Wanakuletea wali umejaa kama kilima, na kukataa ni kama kumtukana mwenyeji. Fanya hivi. Mwambie mapema, kwa upole, "Ndugu yangu, nina ugonjwa wa sukari, unipakulie wali kidogo, na mboga nyingi." Hatakasirika. Anza kula mboga na samaki, wali uwe wa mwisho. Ukiweza, beba chupa yako ndogo ya mchuzi wa ndimu. Wenzako watauliza ni nini, nawe utawaonjesha. Pengine mmoja wao ana kiu isiyokwisha na hajui bado kwa nini. Mwambie aende akapimwe damu.

Nanyi watu wa kanisa mnaoandaa karamu, wekeni sahani moja ya kabichi na nyanya yenye mchuzi kando ya sufuria ya wali. Si gharama kubwa, na mgonjwa hataaibika.

Basi, ndugu msomaji, leo jioni twaa ndimu moja, kitunguu kimoja na mafuta kidogo. Anza na mchuzi wa kwanza. Na kabla ya kulala, osha miguu yako, ikaushe katikati ya vidole, uitazame kwa taa, mguu wa kuume na wa kushoto. Ukiona hata mchubuko mdogo, usingoje uchungu. Njoo hospitali kesho asubuhi.