Lenzi ya Marehemu na Lenzi ya Dukani



Mama mmoja wa hapa Eldoret alinijia juzi baada ya sala ya alasiri, amefuatana na binti yake aliyeanza kazi ya kupiga picha katika harusi za wanawake. Marehemu mumewe aliacha lenzi ya Nikon ya miaka ya 1970. Binti ataka iuzwe, kisha akope fedha anunue mpya. Mama hataki. "Sheikh, tuamulie," akasema.

Niliigeuza mkononi. Mwili wake ni wa chuma, na pete ya kulengea yazunguka kwa ulaini. Ndani hamna mota wala umeme wa kuharibika. Mdomo wa lenzi hizi ulitolewa mwaka 1959, na nyingi zingali zikifunga katika kamera za kidijitali za Nikon zenye kioo cha kuakisi; ila zile za kabla ya 1977 huenda zikahitaji kurekebishwa, basi fundi aulizwe kwanza. Adui wake mkubwa ni kuvu, ambayo hula utando ulio juu ya vioo. Jamaa zetu wa Mombasa na Lamu waijua vyema, lakini hata huku kwenye baridi, kabati lenye unyevu wakati wa masika huikuza.

Lenzi mpya nayo ina fadhila zake. Hujilenga yenyewe kwa haraka, nyingine hutuliza mtikisiko wa mkono, na utando wake huzuia mng'aro wa taa. Lakini mota ikifa na vipuri vikakosekana, huenda yote ikawa haina kazi.

Marehemu Mohamed Amin, mpiga picha wetu mashuhuri, alitoa kitabu cha picha za Hija mwaka 1978, zama ambazo lenzi zililengwa kwa mkono. Ila bibi harusi huingia ukumbini mara moja tu, taa ni hafifu, na picha yake ni amana.

Basi nikamwambia binti: usiiuze, wala usijitie katika deni la riba. Tumia ya baba kwa bibi harusi aliyeketi na mikono yenye hina. Kwa maingilio, kodi lenzi mpya usiku huo, uweke akiba hadi ununue yako. Ya baba ihifadhi katika chombo kikavu chenye vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Mama alitabasamu. Binti aliifunga lenzi katika kitambaa, akaitia mkobani mwake mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.