"Mpaka" yetu na saa za Waingereza



Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwasaidia wenzetu hapa Uingereza kusoma barua za serikali na kuzijibu. Nilichokiona ni kwamba wanaoponzwa hawaponzwi na Kiingereza kikubwa kikubwa, bali na vineno vidogo: "by", "in", "on", "since". Sababu iko kwetu. Kiswahili hakidai kihusishi kila mara tunapotaja wakati. "Tutaonana Jumatano", "alizaliwa mwaka 1970", basi, yamekwisha. Mwingereza haridhiki na hapo.

Tuanze na jepesi. Saa hutaka "at", siku na tarehe hutaka "on", mwezi na mwaka hutaka "in". Asubuhi ni "in the morning", lakini siku ikitajwa "on" ndiyo inayoshinda: "on Monday morning". Mkiona "last", "next", "this" au "every", kihusishi kinaondoka: "last Friday", sio "on last Friday".

Sasa penye hatari. Neno letu "mpaka" lina kazi mbili. "Nitakaa mpaka Ijumaa" ni "until", yaani jambo linaendelea muda wote huo. "Mpaka Ijumaa fomu iwe imerudi" ni "by": jambo lafanyika mara moja, lakini Ijumaa isipite. Barua ikisema "must be received by 10 June", maana yake iwe imeshafika kwao, sio ndiyo kwanza unaitia posta tarehe 10.

Vivyo hivyo, "in 14 days" mara nyingi ni baada ya siku 14 kupita, na "within 14 days" ni kabla hazijaisha. Anayekata rufaa ya uhamiaji akiwa humu nchini kwa kawaida ana siku 14 tu. Hebu fikirini mtu azichanganye hizo mbili!

Halafu kuna "tangu". Sisi husema "naishi Leeds tangu 2001", na wengi huandika "I live in Leeds since 2001". Sahihi ni "I have lived in Leeds since 2001", au "for" ukitaja urefu wa muda. Lakini ukiandika "I lived in Leeds for ten years", umeshamwambia ofisa kuwa umehama! Kwa anayeomba ukaazi hilo si dogo.

La mwisho ni usiku. Kwetu pwani siku huanza magharibi, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. "Friday night" ya Mwingereza ni siku nzima baadaye, usiku wa kuamkia Jumamosi. Na akikwambia "half seven", usidhani ni saa saba na nusu, wala sita na nusu. Ni 7:30, saa moja na nusu yetu.

Ushauri wangu ni mfupi. Ukipewa miadi, irudie kwa siku, tarehe na saa kwa tarakimu, na mwezi uandike kwa herufi, maana 5/6 ya London ni Juni, ya Marekani ni Mei. Kuuliza si ujinga, jamani.