Kabla hujanunua pampu, pima mlima na bomba

"Bwana shamba, ninunue pampu ya inchi ngapi?" Kiangazi kikianza hapa Bugarama, swali hili halinipiti. Na mimi huwa namrudishia mtu swali lake: kutoka kwenye maji mpaka shambani kuna mlima wa mita ngapi, na bomba lako lina urefu gani? Wengi wananyamaza. Zile inchi ni upana wa mdomo wa pampu tu. Haziwezi kukuambia kama maji yatafika kwenye nyanya zako.

Tuanze na mahitaji. Eka moja ni kama mita za mraba 4,000. Ukiipa mboga milimita 5 za maji kwa siku, hizo ni lita 20,000. Ukimwagilia saa nne kwa siku, unataka lita 5,000 kwa saa. Iandike.

Sasa mzigo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka shughuli zikae mita 60 kutoka ukingo wa mto, na mashamba yetu mengi yako mlimani, kwa hiyo bomba refu halikwepeki. (Kibali cha kutumia maji kinatoka Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Kifuatilie mapema.) Chukua shamba lililo mita 20 juu ya maji, bomba la mita 200. Maji yakipita yanasuguana na kuta za bomba, na pampu inauona msuguano huo kama mlima mwingine. Kwa lita 5,000 kwa saa, bomba la plastiki lenye tundu la inchi 1 linakuongezea kama mita 60. La inchi moja na nusu, kama mita 8. La inchi 2, kama mita 2 tu!

Hapo ndipo hela inapopotelea. Kijana anabana matumizi kwenye bomba, mlima wa mita 20 unageuka 80, halafu anailaumu pampu. Bomba unalinunua mara moja, petroli unainunua kila siku. Na kikundi kilichochukua mkopo wa halmashauri hakina hela ya kununua pampu mara mbili.

Kupima mlima, usiiamini simu, inaweza kukosea mita kadhaa. Tumia mpira mwembamba unaoonyesha maji na fito mbili, kama mafundi ujenzi wanavyofanya, mpande hatua kwa hatua huku mkijumlisha.

Tuseme umeweka bomba la inchi 2: mlima 20, msuguano 2, kona na chujio weka 3. Jumla 25, hapo maji yanatoka mdomo wazi. Ukitaka vinyunyizio, ongeza mita 15 hadi 20. Sasa nenda dukani usome lebo. Ikikuambia mita 30 na lita 600 kwa dakika, fahamu kwamba namba hizo mbili hazikutani. Kwenye mita 30 haitoki hata tone, na lita 600 unazipata pale ambapo pampu haipandishi karibu chochote. Kwa mzigo wa 25, mimi ningetafuta iliyoandikwa mita 40 au zaidi, tena ningedai kitabu chake chenye mchoro wa mita dhidi ya lita. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 injini ya petroli inapoteza kama asilimia 15 ya nguvu zake, kwa hiyo usinunue ya kubana.

Mwisho, upande wa kunyonya. Pampu ni hodari wa kusukuma kuliko kuvuta. Kwa mwinuko wetu, usiiweke zaidi ya mita 5 juu ya maji. Siku ya kumwagilia ishushe karibu na maji, jioni irudi nyumbani, na petroli ujazie mbali na mto. Mpira wa kunyonya uwe mgumu, usiwe mwembamba kuliko mdomo wa pampu, na chujio lake lisilale kwenye tope. Ukiona maji yanatoka kwa kukohoakohoa, kaza klipu za mpira huo kwanza kabla hujamwita fundi.