CHAPA YA UKOO: KARAKANA YA AKINA YOSHIDA

Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Methali hii aghalabu hutumiwa vibaya, kumsimanga mtoto wa mwizi au wa mlevi. Mimi leo nitaitumia kwa wema, ndugu msomaji, nikusimulie habari za ukoo mmoja wa Tokyo, Japani, ulioanzisha karakana yake ya kuchapa picha mwaka wa 1925. Baba, mama, wana, mkaza mwana na mjukuu, wote waliingia katika kazi hiyo hiyo. Ukoo huu unaitwa Yoshida.

Najua wengi wetu tukisikia neno "kuchapa" tunakumbuka kiboko, au karatasi za mtihani. La hasha! Hapa nazungumzia sanaa. Hebu fikiria muhuri wa chifu. Herufi zake zimechongwa kinyume, zile sehemu zilizoinuka ndizo hushika wino, na zile zilizochimbwa hazishiki kitu. Ukigonga karatasini, maandishi yanatoka sawasawa. Picha ya kibao cha mti hufuata kanuni iyo hiyo, ila kazi yenyewe si mchezo.

Kwanza, msanii huchora mistari ya picha yake kwenye karatasi nyembamba. Karatasi hiyo hugandishwa juu ya kibao, uso ukielekea chini, kisha mchongaji huchimba na kuacha mistari peke yake imesimama. Wajapani hupenda mti wa cheri kwa sababu ni mgumu na hauvunjikivunjiki. Pili, kila rangi huchongewa sehemu yake: samawati ya bahari kivyake, wekundu wa jua kivyake. Tatu, mchapaji hupaka rangi ya maji kwenye kibao kwa burashi, pamoja na uji kidogo wa wanga wa mchele. Hulaza juu yake karatasi yenye unyevu, iliyotengenezwa kwa maganda ya mti wa jamii ya mforosadi. Kisha huisugua kwa nyuma kwa kifaa cha mviringo kilichofunikwa ganda la mwanzi. Hakuna mashine hapo, ni mkono tu.

Sasa utauliza, rangi ya kumi itaangukaje mahali pake bila kwenda upande? Kuna siri ndogo. Kila kibao huchongwa alama mbili, moja pembeni na nyingine ukingoni. Karatasi huegemezwa hapo kila mara. Alama zikikosea kidogo tu, basi, jua linachomoza nje ya mbingu!

Turudi kwa ukoo wetu. Mzee Kasaburo Yoshida alikuwa mwalimu wa kuchora. Hakuwa na mtoto wa kiume, na mwaka wa 1891 akamchukua mwanafunzi wake mwenye kipawa, Hiroshi, akamfanya mwanawe. Miaka mitatu baadaye mzee akafariki, na Hiroshi, ambaye hata miaka ishirini hajatimiza, akabaki na mzigo wa familia nzima. Mwaka wa 1899 alisafiri na rafiki yake hadi Marekani akiwa na picha zake za rangi za maji, akaziuza huko Detroit. Kalamu ikawa jembe lake. Baadaye, mwaka wa 1907, alimwoa Fujio, binti ya Kasaburo, aliyekuwa mchoraji vilevile.

Hapo mwanzo Hiroshi hakuwa na karakana. Desturi ya Japani ilikuwa kugawana kazi: msanii huchora, mchongaji huchonga, mchapaji huchapa, na mwenye duka ndiye hutoa fedha na kuamua. Mwaka wa 1920 alianza kuchorea duka la Watanabe. Tarehe 1 Septemba 1923, tetemeko kubwa likapiga Tokyo na moto ukafuata. Watu zaidi ya laki moja walikufa. Duka liliteketea na vibao vyake vyote. Hiroshi na mkewe wakasafiri tena Marekani kuuza picha. Huko aliona jinsi wageni walivyopenda picha za vibao, na aliporudi mwaka wa 1925 akafungua karakana yake mwenyewe. Aliwaajiri mafundi lakini aliwasimamia hatua kwa hatua, na kwenye picha alizosimamia mwenyewe uchapaji wake aligonga muhuri wenye maana ya "nimechapa mwenyewe."

Je, hizo si nakala tu? Swali zuri. Nakala ni kitu kilichoigwa kutoka kwa kingine. Hapa hakuna picha kamili inayoigwa, kwa sababu picha huzaliwa pale kibao kinapokutana na karatasi. Mwaka wa 1926 Hiroshi alichapa mashua zenye matanga. Kwa kubadilisha rangi tu, vibao vile vile vilitoa asubuhi, jioni, ukungu na usiku. Isitoshe, picha ya rangi za mafuta ni moja na humilikiwa na tajiri mmoja, lakini kibao kimoja hutoa picha nyingi, hata mtu wa kawaida akaweza kutundika sanaa ya kweli sebuleni.

Lakini usidhani kila kitu kilikuwa asali. Mwana wa kwanza, Toshi, aliyezaliwa mwaka wa 1911, alipooza mguu mmoja utotoni, akawa anakaa nyumbani akitazama wakubwa wakichora. Baba alipenda milima na bahari. Toshi akachagua wanyama ili awe na njia yake. Mdogo wake, Hodaka, alitakiwa asomee sayansi, naye akachora kwa siri, tena picha zisizofanana na kitu chochote! Sisi tuliochagua masomo juzi juzi tunaijua vita hiyo. Hata hivyo, baada ya baba kufariki mwaka wa 1950, hao hao waliombishia ndio walioendeleza uchapaji. Mke wa Hodaka, Chizuko, alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha wanawake wachapaji wa Japani mwaka wa 1956, na binti yao Ayomi hufanya kazi za vibao zinazojaza chumba kizima.

Na sisi Waafrika tumo pia. Mwaka wa 1925 Hiroshi alichapa Sphinx ya Misri, mchana na usiku. Toshi naye alisafiri Afrika, na uzeeni akawatungia watoto vitabu vya picha kuhusu simba, ndovu na vifaru wetu. Wanyama tunaowazoea hata hatuwatazami tena, yeye aliwavukia bahari.

Ndugu zangu, funzo ninaloliona ni hili. Ukoo haukudumu kwa sababu watoto walimwiga baba. Ulidumu kwa sababu kibao kilikuwa kimoja, lakini kila mmoja aliruhusiwa, au alijiruhusu, kutia rangi yake. Mzazi akikurithisha kazi, iwe useremala, ufinyanzi au ususi, usiidharau, wala usiifanye vile vile tu. Chonga chako.