Raia Msomi Mbele ya Jeshi la Kigeni: Al-Jabarti na Wafaransa Nchini Misri, 1798–1801

Habari za nchi kukaliwa na majeshi ya kigeni hutufikia zaidi kutoka pande mbili: kwa majemadari walioshinda na kwa mashujaa waliopinga. Sauti ya raia asiyeshika silaha husikika kwa nadra. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi raia mmoja wa namna hiyo, Sheikh Abd al-Rahman al-Jabarti (1753–1825), mwanachuoni wa Al-Azhar, alivyoyapima mambo ya dini, utamaduni na utawala wakati Wafaransa walipoikalia Misri. Kwetu sisi tushughulikao na lugha habari zake zina faida ya pekee, kwani mojawapo ya mizani alizozitumia ilikuwa sarufi.

Yafaa kwanza tukumbuke asili yake. Jina la ukoo wake latokana na Jabart, nchi iliyo upande wa Zeila katika Pembe ya Afrika, na wanafunzi waliotoka huko walikuwa na makao yao maalumu katika Al-Azhar. Yeye mwenyewe alizaliwa Kairo, na babaye, Sheikh Hasan, alikuwa bingwa wa hisabati na falaki. Kwa hiyo hakuwa mtu wa kushtushwa na elimu kwa kuwa tu ni elimu.

Bonaparte alitua Iskandaria mapema Julai 1798, akatangaza ilani ya Kiarabu iliyopigwa chapa. Ilani ilianza kwa jina la Mwenyezi Mungu, ikakanusha kuwa Mungu ana mwana au mshirika, ikadai kwamba Wafaransa nao ni Waislamu wa kweli. Ushahidi uliotolewa ni kwamba walikwisha kuuangusha utawala wa Papa mjini Roma na kuwafukuza Malta askari wa msalaba waliokuwa wakipigana na Waislamu.

Al-Jabarti aliishika ilani hiyo kama mwalimu ashikavyo insha ya mwanafunzi. Alionyesha irabu zilizokosewa, viunganishi vilivyowekwa pasipo mahali pake, na maneno ya mitaani yaliyochanganywa na lugha fasihi. Mfano mmoja watosha. Katika madai ya kuwa Wafaransa ni Waislamu, neno *muslimin* lilistahili kuwa *muslimun*, yaani katika hali ya rafa. Waandishi waliliweka katika hali ya nasbu. Kisha akaongeza mzaha mchungu: kosa hilo lina maana yake, kwani neno nasbu lamaanisha pia ulaghai, na Uislamu wao ndio huo huo.

Si haki kuuona uhakiki huu kuwa ni uchaguzi wa makosa madogo. Katika mapokeo ya Al-Azhar, sarufi ilikuwa mlango wa kuifahamu Kurani na sharia. Adaiye kuiheshimu Kurani huku akiivunja lugha yake amejitolea ushahidi dhidi ya nafsi yake. Tena Al-Jabarti hakukomea kwenye umbo. Katika maana alieleza kwamba watu hawa wanakubaliana na dini zote tatu na kuzihitilafu zote: humtaja Mungu pasipo kumkiri Mtume, na huukana Utatu ijapokuwa wametoka katika Ukristo. Dini, kwa maoni yake, ni mambo ya kufuatwa. Haiwi vazi la kuvaliwa mbele ya wenyeji.

Hata hivyo hakuwa mwenye chuki pofu. Alizuru maktaba ya wataalamu wa Kifaransa mjini Kairo, akasifu bidii yao ya kusoma na ukarimu wao kwa wageni, akaeleza majaribio ya kemia na umeme aliyoyaona. Kleber alipouawa Juni 1800, Al-Jabarti alinakili taarifa za kesi ya muuaji, ingawa Kiarabu chake kilikuwa kibovu, kwa sababu aliona zina mafunzo: muuaji alikamatwa, na bado akahojiwa kabla ya kuhukumiwa. Adhabu yenyewe ilikuwa ya kutisha. Lakini utaratibu ule aliulinganisha na ukatili wa askari waliojiita Waislamu na kumwaga damu pasipo kuuliza.

Sifa hizo hazikumsahaulisha Oktoba 1798, watu wa Kairo walipoasi. Mizinga iliupiga mji, wapanda farasi wakaingia Al-Azhar, wakawafunga farasi wao ndani ya msikiti na kuvitupa vitabu. Mkono uliojenga maktaba ndio uliochafua chuo.

Ni dhahiri pia kwamba alikuwa na upungufu. Waasi wa tabaka la chini aliwataja kwa dharau. Na mwaka 1800, chini ya Jenerali Menou, yeye mwenyewe aliketi katika diwani iliyoundwa na Wafaransa. Waosmani waliporudi mwaka 1801 aliandika kitabu kikali dhidi ya waliokwisha ondoka. Lakini katika historia yake kubwa, *Ajaib al-athar*, sifa na lawama zimekaa pamoja, na watawala waliofuata, akiwamo Muhammad Ali, hawakusamehewa.

Hapa ndipo penye funzo. Kuusifu ujuzi wa mgeni si kuukubali utawala wake, na kuukataa utawala wake hakulazimishi kuukana ujuzi huo. Al-Jabarti aliyatenga mambo haya mawili wakati mvamizi alipotaka yachanganywe. Pwani yetu nayo ina mashahidi wa aina hii: Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi juu ya Wadachi kuitamalaki Mrima. Twazisoma tungo kama hizo kwa vina na mizani. Yatupasa kuzisoma pia kama hukumu za raia juu ya dola. Vilevile ilani na barua ambazo serikali za kikoloni zilituandikia kwa Kiswahili zinangoja msomaji mwenye jicho la Al-Jabarti, atakayeuliza lugha ile ilikosea wapi, na kosa lile lilifichua nini.